Tatizo sio mashine, tatizo ni makali yasiyolingana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua mnapenda barua fupi ila hii haitakuwa fupi, nivumilieni. Nimesoma makala yenu ya michezo kuhusu kunoa skeiti za hoki ya barafu, vile viatu vyenye chuma chini vya kutelezea, ile iliyolinganisha kunoa kwa fundi na kunoa kwa mashine ya nyumbani, na kwanza niwashukuru manake ni mara chache sana gazeti la Kiswahili linagusa huu mchezo, sisi tunaoupenda tumezoea kusoma vya lugha za watu tu. Lakini kuna vitu vitatu vimenikera kidogo. Cha kwanza mmesema ule mfereji unaochimbwa chini ya chuma cha skeiti ukiwa na kina zaidi ndo skeiti inakuwa kali zaidi, kwa hiyo mzazi aombe ule wa kina kabisa. Cha pili mmechanganya futi na inchi, nitakuja hapo. Cha tatu, na hiki ndo kimenifanya nishike simu niandike, mmeuliza njia ipi bora mkatoa jibu bila hata kugusia swali ambalo mtu yeyote aliyewahi kupigwa chini na skeiti iliyonolewa ovyo angeanza nalo: je, makali ya upande huu na ya upande ule yanalingana?

Mi sio mtu wa kiwandani. Nimecheza beki miaka mingi, mwili mkubwa, mwendo wa kawaida, na siku hizi nimeishia kuwa yule jamaa anayenoa skeiti za watoto wa timu usiku wa kuamkia mechi. Ilianza hivi, siku moja nililalamika kwa sauti chumba cha kubadilishia nguo kuhusu skeiti zangu, mtu mmoja akanijibu basi noa mwenyewe. Nikanoa. Nimeharibu vyuma, vyangu kwanza halafu vya marafiki walioniamini, na ninachoandika hapa nimekipata kwa njia hiyo.

Wacha nianze na chuma chenyewe kwa sababu wasomaji wengi hawajawahi kukigeuza juu chini wakakitazama. Kisu kina makali sehemu moja. Chuma cha skeiti ya hoki kina unene wa karibu milimita 3 tu, na chini yake, kuanzia kidoleni mpaka kisiginoni, kuna mfereji umechimbwa katikati. Kwa hiyo pembeni mwa ule mfereji zinabaki kingo mbili, ya ndani na ya nje, na hizo ndo makali. Ukikata kona kwenda kushoto, mguu wa kulia unasimama kwenye makali yake ya ndani na wa kushoto kwenye makali yake ya nje. Hausimami kwenye chuma chote hata siku moja, labda ukiwa unateleza tu moja kwa moja unasubiri pasi ambayo haiji.

Ule mfereji ni kipande cha duara, na mafundi wanauita kwa rediasi (nusu kipenyo) ya hilo duara, kwa inchi. Ukisikia mtu anasema ananoa nusu, anamaanisha duara la rediasi ya nusu inchi. Kuna 3/8, kuna 7/16, nusu, 5/8, 3/4, mpaka inchi nzima. Namba ikiwa ndogo mfereji unakuwa na kina zaidi, ikiwa kubwa mfereji unakuwa bapa zaidi, hapo wengi wanajikwaa kwa sababu akili inategemea kinyume. Na sasa angalieni hiyo "kina" yenyewe ilivyo. Kwenye chuma cha milimita 3, mfereji wa nusu inchi una kina cha karibu milimita 0.09. Wa 3/8 kama 0.12. Wa 5/8 kama 0.07. Yani kati ya skeiti inayong'ata kama mbwa na skeiti inayoteleza kama sabuni tofauti ni ndogo kuliko unene wa unywele, na bado mguu unaijua, mtu akikubadilishia bila kukwambia unastuka kwenye kona ya kwanza.

Sasa kwa nini nasema mmekosea kuhusu ukali? Kwa sababu ukali ni kitu kimoja na kung'ata ni kitu kingine. Ukali ni ile kingo ikoje, safi au ina mapengo, imesimama au imelala. Kung'ata ni pembe ya kingo na jinsi inavyozama kwenye barafu. Mfereji wa 3/4 uliopigwa vizuri leo jioni unakuwa mkali, upitishe ukucha juu ya kingo kwa kuukwaruza taratibu utaona unga mweupe wa ukucha umebaki kwenye chuma. Na 3/8 ya wiki tatu iliyokanyagishwa sakafu ya saruji ukiupitisha ukucha unateleza tu hakuna kitu. Kwa hiyo mzazi akienda kwa fundi akasema nipigie kina kabisa ili mtoto awe na skeiti kali, hajaomba ukali, ameomba breki.

Naijua hiyo breki. Mwaka mmoja kulikuwa na kijana kwenye timu yetu, mwepesi, anageuka kama samaki, nikamuuliza ananoa ngapi akasema 3/8. Mi kipindi hicho nina kilo 94. Nikaenda nikaomba 3/8. Mazoezi ya kwanza nimekimbia mpaka kwenye mstari wa bluu nikataka kusimama kwa ubavu kama kawaida, vile vyuma vikashika barafu palepale, miguu imesimama lakini mimi sijasimama, nikapita juu ya magoti yangu nikalala kifudifudi mbele ya kocha. Watu wamecheka wee. Baada ya hapo nikajitahidi kuzoea, lakini kila nikisukuma naona kama nimefungwa kamba nyuma, kipindi cha pili mapaja yanawaka moto na kuna wenzangu wakubwa kuliko mimi wanateleza bila hata kuhema. Uzito wangu ulikuwa tayari unazamisha chuma, mi nikaongeza na mfereji wa kuzamisha zaidi. Mtoto wa kilo 30 hana huo uzito, yeye ndo anahitaji mfereji wa kina ili kingo zake zishike. Mtu mzito anahitaji ubapa zaidi. Leo niko 5/8 na siku barafu ikiwa laini natamani hata 3/4.

Na hiyo barafu nayo mngeigusa jamani. Barafu ya hoki huwa inawekwa kama nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri, ngumu, wakati wachezaji wa skeiti za maonyesho wanapenda iwe na joto joto kidogo ili ishike vizuri wanapotua. Uwanja ukiwa na barafu ngumu sana mfereji wa kina unasaidia, uwanja ukiwa na barafu laini chuma kinazama chenyewe. Kwa hiyo namba ya mchezaji fulani maarufu wa NHL, ile ligi kubwa ya hoki ya Marekani na Kanada, haikusaidii kitu kama huna uzito wake, huna miguu yake, na huna barafu yake.

Haya tuje kwenye njia zenyewe mlizolinganisha.

Njia ya kwanza, ile ya fundi na jiwe. Ni mashine ya jiwe linalozunguka, mashine kama za Blademaster au Blackstone za Kanada, ukiiona mara ya kwanza utadhani ni cherehe ya mnoa visu tu ila imelala. Skeiti inabanwa kwenye kibano, kibano kinateleza juu ya meza laini, na fundi anapitisha chuma kwenye ukingo wa jiwe kutoka upande mmoja mpaka mwingine kwa mkono. Kabla ya hapo analichonga jiwe kwa ncha ya almasi iliyo kwenye mkono unaozunguka kwa duara, ile rediasi ndo inawekwa hapo. Jiwe linapata mgongo wa mviringo, na mgongo huo ukipita kwenye chuma unaacha mfereji. Ni kitu kizuri kutazama kwakweli. Cheche zinatoka kama mkia, na fundi mzuri hatazami cheche tu, anasikiliza. Sauti ikiwa sawa kutoka mwanzo mpaka mwisho ujue mkono wake uko sawa. Sauti ikipanda kwenye kidole na kisigino ujue anakandamiza huko.

Na hapo ndo pabaya pa hii njia. Chuma cha hoki hakijanyooka, kina mbonyeo kwa urefu kama sehemu ya chini ya mtumbwi, na huo mbonyeo ndo unakuwezesha kugeuka. Fundi anayekandamiza kwenye ncha anakula chuma cha mbele na cha nyuma kidogo kidogo, leo huoni, kesho huoni, msimu ukiisha mtumbwi umekuwa mfupi na unayumba kama unasimama juu ya mpira. Mi nilikuwa na fundi wa hivyo, simtaji, mtu mzuri na mcheshi na ana haraka sana. Nikawa najilaumu kwamba nazeeka, balansi imekwisha. Siku nimenunua vyuma vipya nikaviweka sambamba na vya zamani mezani, nikaona vya zamani vimeliwa mbele mpaka unaweza kuingiza kadi chini yake. Balansi yangu haikuwa na shida yoyote kumbe.

Kuna pia wale wanaoanza kila mara kwa jiwe la kukata kwa ubavu, wanalisawazisha chuma lote liwe bapa halafu ndo wanachimba mfereji upya. Hiyo ina kazi yake, kama chuma kimepata pengo kubwa au unabadilisha kutoka namba moja kwenda nyingine au skeiti ni mpya haijawahi kunolewa. Kufanya hivyo kila wiki ni kula chuma cha mtu bure. Mwulize fundi wako, akikwambia ndo utaratibu wake kila mara, mi ningetafuta mwingine.

Fundi mzuri lakini, aisee, hakuna mashine inayomfikia. Anapitisha mara chache za kawaida, anaangalia, anapaka mafuta kidogo kwenye chuma, anapitisha ya mwisho kwa wepesi kabisa kama anafuta vumbi, na ile ya mwisho ndo inaacha mfereji unang'aa kama kioo. Halafu anachukua kinoo kidogo anakilaza bapa ubavuni mwa chuma anakivuta taratibu kuondoa vile vinyuzi vya chuma vilivyobaki vimening'inia kwenye kingo. Ukiona fundi amekukabidhi skeiti bila kupitisha kinoo ubavuni, umepewa kazi nusu. Vile vinyuzi vinakudanganya, ukipitisha ukucha unaona mkali, ukiingia kwenye barafu dakika tano vimevunjika na makali yameondoka navyo.

Njia ya pili ni ule mfereji wa chini bapa, FBV kama wanavyouita, umeletwa na Blackstone. Hapa hakuna duara. Katikati ya chuma panakuwa bapa kabisa halafu kwenye kingo mbili chuma kinapanda kwa mshazari. Jiwe linachongwa kwa kigurudumu chenye almasi kilichotengenezwa kwa umbo hilo. Namba zake zinakuja mbili mbili, 100/50, 90/75, ya kwanza ni upana wa pale bapa na ya pili ni urefu wa kingo, kwa hiyo 90/75 inashika zaidi ya 100/50. Hoja yao ni kwamba ule ubapa unakufanya uelee juu ya barafu wakati kingo bado zinashika, upate kuteleza na kung'ata kwa pamoja. Kwenye makala yenu mmeandika kama vile ni muujiza. Mi nimetumia msimu mzima, na naweza kusema kuteleza kweli kunaongezeka, nilikuwa nasukuma mara mbili pale nilipozoea kusukuma mara tatu. Lakini kwa upande wangu kingo zilichoka haraka, na nikikanyaga kitu kigumu hata kidogo naisikia. Tena ukisafiri na timu ukafika sehemu fundi hana kile kigurudumu, ndo basi, unapigiwa nusu ya kawaida na unacheza mechi nzima kama umevaa skeiti za mtu. Mwingine ataniambia mi sijui kuitumia. Inawezekana.

Njia ya tatu ndo mashine ya nyumbani, na hapa nyie mmeisifia sana na mi sina ugomvi nayo mkubwa. Kuna Sparx ya Marekani, kuna ProSharp ya Sweden, zote wazo ni lile lile: unabana skeiti, unafunga mlango, unabonyeza, kichwa cha kusagia kinakwenda na kurudi chenyewe kikifuata umbo la chuma. Kwenye Sparx hakuna jiwe la kuchonga, kuna pete ya kusagia ambayo tayari ina umbo la mfereji wako, ukitaka 5/8 unaweka pete ya 5/8. Pete moja imepangiwa mizunguko 320, ikiisha unanunua nyingine. Faida yake ni moja lakini kubwa, haina siku mbaya. Haijagombana na mkewe, haina foleni ya watu kumi mlangoni, inakandamiza kwa nguvu ile ile kutoka kidoleni mpaka kisiginoni, kwa hiyo ule mtumbwi niliosema unabaki mtumbwi. Mzazi mwenye watoto watatu wanaocheza, kweli namwelewa.

Ila mmewaambia watu kwamba na mashine hii huhitaji kujua chochote, hapana. Kama kichwa hakijapangwa katikati ya chuma, itakunolea kombo kwa uaminifu mkubwa, kila mara, kombo ile ile. Kama chuma chenyewe kimepinda kwa sababu kilipigwa na paki (ile sahani ndogo ya mpira inayochezewa) au kimelegea kwenye kishikio chake, mashine haitakwambia. Fundi angekitazama kwa jicho moja kama anavyotazama ubao akakwambia kaka, hiki kimepinda. Na ukibadilisha namba, tuseme ulikuwa 5/8 ya fundi unaenda nusu ya mashine, mizunguko miwili mitatu haitoshi, katikati panasagwa lakini kingo bado hazijafikiwa, mtu anaingia uwanjani anasema mashine ni mbovu. Rudia mpaka mfereji wote uwe na mng'ao mmoja, kama hujui paka wino wa kalamu kwenye mfereji kabla hujaanza, wino ukiisha wote hadi pembeni ndo umefika.

Sasa nirudi kwenye kile kitu changu. Iwe jiwe, iwe bapa, iwe pete, chukueni skeiti iliyonolewa mwigeuze juu chini, mshike chuma kiwe kimesimama wima kabisa, halafu mweke kitu kilichonyooka kikatize juu ya kingo mbili. Kuna vipimo maalum vya sumaku vya kufanyia hivi lakini hata sarafu inaanza kukuonyesha, na rula fupi ya chuma ni bora zaidi. Kama kingo zinalingana kile kitu kinalala mraba na chuma, kama herufi T. Kama upande mmoja uko juu kinainama, na ukitumia kitu kirefu kosa linakuzwa ukaliona. Piga hesabu mwenyewe: kingo zimeachana milimita 3, moja imezidi nyingine milimita 0.05, kitu ambacho huwezi kukiona kwa macho. Weka rula ya sentimita 9 juu yake, ncha moja itakuwa imepanda kuliko nyingine milimita 1.5. Hiyo unaiona hata bila miwani.

Nina sababu ya kung'ang'ania hapa. Kuna binti kwenye timu yetu ya watoto, miaka 10, msimu mzima alikuwa hawezi kukata kona kwenda kushoto. Kulia sawa kabisa, kushoto anateleza nje kama gari lisilo na matairi. Kocha anamwambia inamisha mwili, kunja goti, usiogope. Baba yake anamwambia usiogope. Mtoto akaanza kweli kuogopa. Siku moja ameniletea skeiti ninoe, nikaweka rula kabla sijafanya lolote, nikaona mguu wa kulia makali ya ndani yako chini ya ya nje, yamelala kabisa. Na kona ya kushoto, kama nilivyosema juu, inabebwa na makali ya ndani ya mguu wa kulia. Hakuwa na woga wala nini, alikuwa hana chuma cha kusimamia. Nikanoa taratibu nusu yake ile ile, sikubadilisha namba, nikasawazisha tu. Mazoezi ya kesho yake amekata kushoto, akasimama akatazama chini kwenye mguu wake, akarudia tena, akarudia tena, akawa anazunguka duara la katikati peke yake wenzake wako kwenye foleni ya kupiga mashuti. Baba yake alikuja kuniuliza nimempigia namba gani mpya.

Namba! Ndo maana makala yenu imenigusa.

Kuhusu futi na inchi, hili fupi. Mmeandika kwamba wachezaji wengi wanatumia mfereji wa "rediasi ya 9 mpaka 11" na makipa "karibu 30". Hizo sio za mfereji, hizo ni futi, ni ule mbonyeo wa mtumbwi kwa urefu. Mfereji unapimwa kwa inchi na sehemu za inchi. Mzazi akikata makala yenu akampelekea fundi akamwambia nipigie 9, fundi ama atacheka ama, na hii ndo naiogopa, atakubali akamsaga mtoto mbonyeo mpya ambao hakuuhitaji, na mbonyeo ukisagwa haurudi, chuma kimekwenda. Naomba mrekebishe hiyo kwa herufi zinazoonekana.

Makipa nao mmewaweka kundi moja na wengine. Shemeji yangu ni golikipa, zamani walikuwa wanafundishwa mfereji bapa kabisa, inchi nzima na zaidi, kwa sababu kipa anateleza kwa ubavu kutoka mlingoti mmoja kwenda mwingine na chuma kikishika anabaki njiani. Sasa hivi uchezaji umebadilika, wanashuka magoti wanasukuma kwa nguvu wakiwa chini, wanataka kingo ya kushika, kwa hiyo wengi wameshuka mpaka 5/8 na nusu, wengine chini ya hapo. Shemeji bado yuko kwenye 3/4 na anasema hahami. Anafungwa mabao ya kutosha lakini hilo sio la mfereji.

Halafu vile vijiti vidogo vya kupitisha kwa mkono, mmesema vinaweza kuchukua nafasi ya kunoa. Havichimbi mfereji jamani. Vinainua tu kingo iliyolala na kufuta vipengo vidogo katikati ya mechi, kazi nzuri kwa hicho. Mi ninacho mfukoni mwa begi na nakitumia baada ya kipindi cha kwanza kama nimekanyaga mlingoti. Wale wa NHL hata hawahangaiki nacho sana, mtu wa vifaa anafyatua chuma chote benchini anachomeka kingine kilichonolewa tayari, sekunde chache mchezaji amerudi barafuni. Sisi wengine tuna jozi moja.

Kwa mzazi aliyesoma makala yenu na sasa amechanganyikiwa, mi ningeanza na nusu inchi ya kawaida, kwa fundi au kwa mashine yoyote iliyo karibu, na rula mfukoni. Mtoto acheze wiki mbili. Akilalamika anateleza nje ya kona shuka namba hatua moja, akilalamika miguu inachoka na haendi panda namba hatua moja, moja tu, na usibadilishe fundi na namba siku hiyo hiyo kwa sababu hutajua kipi kimeleta nini. Kunoa tena ni kila baada ya saa kama 10 mpaka 15 za barafuni, mapema zaidi kama amekanyaga kitu. Andika namba kwenye kipande cha plasta ubandike ndani ya ulimi wa kiatu, tarehe pembeni. Yangu ina plasta saba zimepandana, ya chini kabisa inasema 3/8 na mtu amechora kichwa cha ng'ombe kimecheka pembeni yake, sijawahi kumjua nani.

Mwisho ni ile picha mliyoweka juu ya makala. Skeiti nzuri, mpya, zimevishwa vile vifuniko vigumu vya plastiki na chini yake naona maji yanachuruzika. Vile ni vya kutembelea tu kutoka chumbani mpaka uwanjani. Chuma kikitoka kwenye barafu kinafutwa kwa kitambaa kikavu mpaka kwenye mashimo ya kishikio, halafu kinavishwa kile kifuniko laini cha kitambaa kinachonyonya unyevu. Ukiziacha kwenye begi namna ile ya kwenye picha, Jumatatu unakuta madoa ya kahawia kwenye kingo, na huyo fundi au hiyo mashine yenu mliyoisifia inabidi isage chuma kizima kuifikia sehemu safi. Mpiga picha wenu naye aambiwe.

Wasalaam,
Beki mstaafu, mnoaji wa usiku